Samaki Mkunje: Tulichosoma na Tulichoruka

Hakuna mkutano wa wazazi usiokuwa na methali. Mwenyekiti akisimama, kabla hajagusia michango wala madawati, atawakumbusha waliohudhuria kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Atakayemfuata atasema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Wa tatu, ambaye kwa kawaida ni mzee mwenye heshima zake, atafunga kwa kusema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Watu wataitikia kwa vichwa, na shauri litakuwa limekwisha kabla halijaanza. Methali kwetu ina cheo cha hakimu. Ikisha kutoa hukumu, nani atakata rufani?

Katika insha hii nakusudia kukata rufani hiyo. Sina nia ya kuwavunjia heshima wahenga. Nataka tuwasome kama tunavyosoma shairi au riwaya: tuulize picha waliyoitumia ni ya kitu gani, anayesema ni nani, anasema na nani, na ni lipi ambalo hakulisema. Methali nyingine tunazitamka kila siku, lakini tangu tuzisikie kwa wazazi wetu hatujapata kuzitazama ndani. Na kwa kuwa zile za malezi ndizo zinazoamua mtoto atalalaje, atakulaje na atapigwa mara ngapi, kutozisoma vizuri ni kosa lenye gharama, na anayeilipa ni mtoto.

Tuanze na samaki. Methali hii ina maneno manne tu: samaki mkunje angali mbichi. Anayesemeshwa ni mtu mzima. Anayesemwa ni mtoto, naye amepewa sura ya samaki. Uzito wote wa kauli uko kwenye maneno mawili ya mwisho, angali mbichi. Maana yake ni kwamba kuna wakati wa kufanya jambo hili, na wakati huo ukipita haurudi. Methali mwenzake, udongo uwahi ungali maji, yasema hayo hayo kwa picha ya mfinyanzi. Zote mbili ni methali za wakati.

Katika habari ya wakati, wahenga walisema kweli, na elimu ya leo yazidi kuwaunga mkono. Ubongo wa mtoto hukua kwa kasi ambayo hautakuwa nayo tena maishani. Anapofikia miaka 6 ukubwa wake huwa umekaribia asilimia 90 ya ubongo wa mtu mzima. Wataalamu wa lishe huzungumzia siku 1,000 za kwanza, yaani tangu mimba inapotunga hadi mtoto atimizapo miaka 2. Mtoto aliyekosa chakula bora na kuandamwa na maradhi katika siku hizo aweza kudumaa, na udumavu ukisha kukaa ni vigumu sana kuuondoa. Tanzania, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliona kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Kenya, utafiti wa mwaka huo huo uliwaona 18 katika kila 100. Huyo ndiye samaki ambaye ubichi wake unapita huku sisi tukiwa mkutanoni tunajadili nidhamu.

Hapa ndipo ninapoona kosa letu la kwanza la usomaji. Tumeichukua methali ya wakati tukaifanya methali ya adhabu. Isome tena, ndugu msomaji, uitafute fimbo ilipo. Haimo. Imesema lini, haikusema vipi. Nafasi hiyo iliyoachwa wazi tumeijaza sisi wenyewe kwa henzirani, kisha tukasema ni wahenga walioagiza.

Nilipata kuwa na mwalimu, nikiwa darasa la tatu, aliyekuwa na desturi ya kuitamka methali hii kabla ya kuchapa. Alikuwa akiigawa. Kwa fimbo ya kwanza alisema samaki, kwa ya pili mkunje, kwa ya tatu angali, na kwa ya nne mbichi. Mtoto akiunyakua mkono wake kabla ya neno la mwisho, methali ilianzwa upya. Tulijua kuihesabu methali kabla hatujajua maana yake. Namtaja kwa sababu moja tu: yeye alikuwa amefanya waziwazi kile ambacho jamii nzima hufanya kimyakimya, yaani kuyaweka maneno ya wahenga kwenye ncha ya fimbo.

Lakini tusiishie kuwatetea wahenga. Picha yenyewe ya samaki ina kasoro, na mhakiki hana budi kuitaja. Samaki hukunjwa vipi, na kwa nini? Aliyepata kuwaona wabanikaji wa kambale anajua. Samaki hupasuliwa, hutolewa matumbo, huoshwa, kisha mkia wake huletwa hadi mdomoni na kubanwa kwa kijiti. Ndipo hupangwa kwenye uchaga juu ya moto wa polepole. Akisha kukauka hakunjuki tena, ukimlazimisha atavunjika. Sasa, anakunjwa kwa faida ya nani? Anakunjwa ili achukue nafasi ndogo kwenye uchaga, na ili matengani waingie wengi. Umbo alilopewa ni umbo linalomfaa mchuuzi.

Zaidi ya hayo, samaki huyo amekwisha kufa. Ni mbichi, naam, lakini hana uhai. Hafikiri, haogopi, hakumbuki, wala hana chochote kinachokua ndani yake. Umbo lake lote latoka nje, mkononi mwa mkunjaji. Mtoto sivyo alivyo. Mtoto wa mwaka mmoja anayeangusha kijiko chini mara kumi na kumtazama mama usoni anafanya uchunguzi: kijiko chaenda wapi, na mama atafanya nini? Hakuna aliyemkunja afanye hivyo. Nguvu ya kukua ya mtoto iko ndani yake, na kazi ya mlezi ni kuilisha, kuilinda, kuizungumzisha na kuiwekea mipaka. Picha ya samaki haina mahali pa kuiweka nguvu hiyo. Kwa hiyo hata tukiisoma kwa haki, methali hii yatufaa kwa nusu tu. Kwa habari ya wakati, tuishike. Kwa habari ya mtoto ni kiumbe gani, tuiache.

Udongo wa mfinyanzi ni picha iliyo bora kidogo. Mfinyanzi hapigi chungu. Hulowesha mikono, huzunguka, husikiliza udongo wenyewe unakubali kwenda hadi wapi, na akiharakisha chungu hupata ufa ambao hauonekani mpaka kiingie motoni. Walezi wengi watakubali kwamba nyufa za watoto nazo hujionyesha hivyo hivyo: hazionekani nyumbani, huja kuonekana kwenye joto la ujana.

Sasa tumgeukie yule hakimu mkali zaidi: mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Hapa siwezi kudai kwamba fimbo imeingizwa na wasomaji tu. Methali yenyewe imeuacha mlango wazi. Hata hivyo tuitazame. Mtoto analia kwa nini? Methali haikutaja. Mtoto hulia anaponyimwa kisu. Hulia anapochomwa sindano ya chanjo, anapoachishwa ziwa, anapoambiwa mchezo umekwisha na ni wakati wa kulala. Mzazi asiyeweza kuvumilia vilio vya namna hii kweli atakuja kulia, kwa kuwa chanjo iliyokimbiwa leo ndiyo surua ya kesho. Kwa maana hiyo methali ni ya hekima: inamfundisha mzazi kusema hapana na kusimama juu ya hapana yake. Kusema hapana hakuhitaji fimbo. Kunahitaji subira, na subira ni ngumu kuliko fimbo.

Lakini tazama pia hesabu ya machozi katika methali hiyo. Kuna vilio viwili. Cha mtoto kimetajwa kama kishawishi cha kushindwa. Cha mzazi kimetajwa kama hasara. Mtoto alipolia, hakuna aliyemwuliza kinachomliza. Huu ndio upungufu ninaouona katika methali zetu nyingi za malezi: zimetungwa na watu wazima, zinasema na watu wazima, na zinalinda maslahi ya watu wazima. Mtoto ndiye mada, lakini hasemi. Hata ile isemayo mtoto akililia wembe mpe, ambayo yaonekana kumsikiliza, inamsikiliza ili ajikate. Ni somo analolipa kwa damu yake mwenyewe huku mlezi akiwa amekunja mikono.

Yule hakimu wa tatu naye ana lake. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Baba yuko wapi? Katika kauli hiyo hayumo kabisa. Mtoto akiharibika, mwenye kosa amekwisha kutajwa. Nimewasikia wanaume wakiitamka methali hii mbele ya wake zao, nao wenyewe hawajui mtoto anavaa kiatu namba ngapi. Methali hii imewapa likizo. Haifai tuendelee kuitamka bila ya kuwaita kazini.

Huenda msomaji akaniambia kwamba haya ni mabishano ya maneno tu. Sivyo. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanywa Tanzania mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana waliohojiwa, wa kike na wa kiume, walikuwa wamepata ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Na waliotajwa zaidi kuwa ndio waliowapiga hawakuwa majambazi wa njiani. Walikuwa jamaa zao na walimu wao, yaani watu wenye methali mdomoni. Mwezi Agosti 2018, mjini Bukoba, mwanafunzi wa shule ya msingi alifariki baada ya kupigwa na mwalimu. Hatutamjua mtoto huyo angekuwa nani.

Sheria nazo zimekuwa zikivutana na methali hizi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto ulipitishwa mwaka 1989. Kenya iliuridhia mwaka 1990, na Tanzania mwaka 1991. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, na Katiba yake ya mwaka 2010 ikamkinga kila mtu na adhabu ya kupigwa. Tanzania ilitunga Sheria ya Mtoto mwaka 2009, ikakataza mateso na adhabu za kikatili, lakini ikaacha nafasi ya kumrudi mtoto kwa kiasi kinacholingana na umri na hali yake. Katika shule za Tanzania Bara, kanuni zimeruhusu viboko visivyozidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyempa ruhusa kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Nakuachia msomaji ukumbuke ni mara ngapi umepata kukiona kitabu hicho. Wala upande wa pili wa mpaka fimbo haikutoweka siku ile ilipokatazwa. Sheria huweza kuikataza fimbo, lakini haina uwezo wa kuikataza methali. Kazi ya methali ni yetu sisi wasomaji na wasemaji.

Kuna hoja moja ambayo lazima ijibiwe kwa heshima, kwa kuwa husemwa na watu wema. Husema: sisi tulipigwa, na tazama, tumekuwa watu. Kweli, wengi wamekuwa watu. Lakini mtoto yule yule aliyepigwa alikuwa pia na bibi aliyemsimulia hadithi, na shangazi aliyemficha nyuma ya kanga. Alikuwa na uwanja wa kuchezea na wenziwe kumi, na jirani aliyempa chakula bila kuuliza yeye ni wa nani. Kwa nini katika hayo yote tuichague fimbo, tuipe shukrani peke yake? Zaidi ya hapo, wanaosema tumekuwa watu ni wale waliofika mahali pa kusema. Walioacha shule kwa sababu ya kuogopa kuchapwa hawapo katika mkutano wetu wa wazazi kutoa ushahidi wao.

Na fasihi yetu haikosi mfano mwingine. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utendi mwaka 1858, akiwa mgonjwa. Tunaweza, na wengi wamekwisha kufanya hivyo, kuhoji mafundisho yaliyomo, hasa utiifu mkubwa anaotakiwa mke kumpa mumewe. Lakini tazama namna ya kufundisha. Mama anamwita mwanawe akae karibu, anamwambia alete wino na karatasi, kisha anasema naye kwa upole na kumwombea dua. Hakuna kitisho cha mkono. Ni mzazi aliyejua kwamba muda wake ni mfupi, na muda huo akautumia kwa maneno. Anayedai kwamba Mswahili wa kale hakujua kulea pasipo bakora hana budi ausome utendi huo upya.

Tena zipo methali nyingine, ambazo mikutanoni hazisikiki sana. Mwana hutazama kisogo cha nina. Hii ni methali ambayo naipenda kuliko zote za malezi, kwa kuwa hapa mwenye kutenda ni mtoto. Yeye ndiye anayetazama. Mama anatangulia njiani, hajui kama anatazamwa, na mtoto anajifunza kutokana na mwendo wake. Maana yake ni nzito kwa mlezi: unafundisha hata usipokusudia. Baba anayempiga mtoto kwa sababu mtoto amempiga mdogo wake, anamfundisha nini? Mtoto ametazama kisogo, ameona kwamba mwenye nguvu humpiga asiye na nguvu, na somo limeingia.

Ipo pia mkono mmoja haulei mwana. Hii ingeweza kuandikwa juu ya mlango wa kila ofisi inayoshughulikia watoto. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia walitoa mwongozo unaoyataja mambo matano ambayo mtoto mdogo huyahitaji kwa pamoja: afya njema, lishe ya kutosha, malezi yenye kuitikia mahitaji yake, fursa ya kujifunza mapema, na ulinzi na usalama. Mwezi Desemba 2021 Tanzania ilizindua programu jumuishi ya kitaifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, kwa watoto hadi miaka 8, yenye msingi huo huo. Ukiyatazama mambo hayo matano utaona kwamba hakuna mzazi mmoja awezaye kuyatimiza peke yake. Mama anayeuza vitumbua tangu alfajiri ili apate ya kulisha hawezi wakati huo huo kuwa nyumbani akizungumza na mtoto. Unahitajika mkono wa baba, wa bibi, wa kituo cha watoto chenye walezi waliofunzwa, wa zahanati, wa serikali. Tunapomwachia mtoto wa miaka 2 kijakazi wa miaka 13, ambaye naye alipaswa kuwa shuleni, mkono huo hatuwezi kuuita wa pili. Ni mtoto wa pili aliyekosa mlezi.

Kwa hiyo rufani yangu ni hii. Methali za malezi tusizitupe, maana ndani yake mna ujuzi wa watu walioyaona mengi. Lakini tuzisome hadi mwisho, na kila moja tuipe kazi inayoiweza. Ya samaki itukumbushe kalenda: kwamba mtoto hasubiri mvua, mshahara wala uchaguzi. Ya kilio itufundishe kusimama imara bila kuinua mkono. Ya mama tuiongezee baba. Na ya kisogo tuwe tukiirudia mara nyingi zaidi kuliko zote, hasa sisi tunaotangulia mbele.

Na mwenyekiti atakaposimama tena kusema samaki mkunje, namwomba mzazi mmoja tu aliyepo mkutanoni anyoshe mkono na kuuliza kwa adabu: tumkunje vipi, mwenyekiti? Jibu la swali hilo ndilo linalostahili kuandikwa katika kumbukumbu za mkutano.